Umri wa Kutishwa

Watu wazima wamekubaliana juu ya neno moja kuhusu filamu za kutisha, kwamba hazifai kutazamwa na watoto. Baada ya kukubaliana hivyo aghalabu hawafanyi lolote jingine. Serikali imetunga sheria, mtengenezaji amechapa tarakimu juu ya jalada, mzazi amekemea, mwalimu ameonya, na mtoto amekwenda kutazama. Palipo na makatazo mengi na kizuizi kidogo namna hiyo, ni haki kuuliza kama swali lenyewe limeulizwa sawasawa. Yamkini wabishanao wanapima miaka, na kitu kinachotakiwa kupimwa si miaka.

Swali hili halina budi kutazamwa mahali watu wanapoishi, wala si katika ofisi ambamo tarakimu huchapwa. Bungu ni kata ya wilaya ya Korogwe, juu ya milima ya Usambara. Huko ukungu hushuka mapema, baridi ya kipupwe huwaingiza watu ndani, na usiku huwa mrefu. Zamani usiku huo ulikuwa wa hadithi. Televisheni ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, vijiji vingi havikuwa na umeme wa kuiwasha. Lakini katika sehemu nyingi kanda za video zilifika kabla ya nguzo za umeme, zikachezwa kwa jenereta, na baada yake zikaja diski, umeme wa jua na simu. Leo kadi ndogo kuliko ukucha hubeba filamu ambazo zamani zingejaza sanduku. Mtoto hahitaji tena kuchungulia katika ufa wa kibanda cha video, maana kibanda kimo mfukoni mwa kaka yake.

Na kibanda chenyewe, mahali kilipobaki, hakina mlango wa umri. Kiingilio hulipwa kwa kichwa. Benchi ni moja: kijana wa miaka ishirini huketi pamoja na mtoto wa darasa la pili, na yule anayefumba macho huchekwa. Mwenye kibanda si lazima awe mtu mbaya. Ana kodi ya chumba na ana mafuta ya kununua. Ila biashara yake haimwulizi mteja kitu kingine zaidi ya sarafu, na mteja mdogo hujifunza mapema kwamba ujasiri ni kutofumba macho. Hilo ni funzo baya la kwanza, na sababu yake itaonekana mbele.

Sheria haikukosekana. Tanzania ina Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya mwaka 1976, iliyoweka bodi ya kukagua filamu kabla ya kuonyeshwa. Kenya ina bodi yake, nayo hupanga filamu katika madaraja: za watu wote, za uangalizi wa mzazi, za miaka 16 na za miaka 18. Waingereza waliunda bodi yao mwaka 1912, wakaweka alama maalumu ya filamu za kutisha katika miaka ya 1930, na mwaka 1951 wakaleta alama ya X kwa watazamaji wasiopungua miaka 16. Mwaka 1970 wakaipandisha alama hiyo hiyo mpaka miaka 18. Basi kijana wa London aliyetimiza miaka 16 mwaka 1969 alihesabiwa mkubwa, na ndugu yake aliyeitimiza mwaka 1971 akahesabiwa mtoto. Je, akili za Waingereza zilidumaa katika miaka miwili? Marekani ilianza madaraja yake mwaka 1968. Mwaka 1984 ikaongeza daraja la miaka 13, kwa sababu wazazi walilalamikia filamu kama Gremlins na Indiana Jones and the Temple of Doom. Hapo napo umri haukugunduliwa na mtaalamu. Ulitungwa baada ya makelele.

Wala nchi hii isiwacheke wengine. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya mzazi, mpaka Mahakama Kuu ilipotamka mwaka 2016 kwamba jambo hilo halipatani na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha hukumu hiyo mwaka 2019. Katika miaka yote ya katikati msichana mmoja aliweza kuwa mke wa mtu na mama wa mtoto, na papo hapo akahesabiwa mdogo mno kutazama filamu iliyopigwa chapa ya miaka 18. Tarakimu inayomwita mtu mtoto sebuleni na mke chumbani haiwezi kuwa hakimu wa akili yake.

Haya hayasemwi ili kuidharau sheria. Ua wa shamba una kazi yake, na shamba lisilo na ua huliwa. Lakini mwenye shamba asidhani kwamba mbuzi aliyezuiwa na ua amejifunza kutokula mahindi. Siku ua utakapoanguka, mbuzi atakuwa yule yule. Katika Bungu ua umekwisha anguka, na kinachobaki ni kujua namna ya kumlea anayepita.

Bungu ina jirani ambaye historia yake inahusika sana na shauri hili. Vugiri, katika milima hiyo hiyo ya Korogwe, ndipo palipokuwa makao ya jaribio la filamu za elimu kwa Waafrika kuanzia mwaka 1935 mpaka 1937. Fedha nyingi zilitoka katika shirika la Carnegie la New York, na viongozi wa kazi walikuwa Waingereza wawili, L. A. Notcutt na G. C. Latham. Zilitengenezwa filamu fupi zipatazo 35, juu ya safura, malaria ya watoto wachanga, kodi, benki ya posta, kilimo cha chai na mengineyo, zikapakiwa katika lori pamoja na mashine ya kuonyeshea, zikatembezwa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mwaka 1937 viongozi wale walitoa kitabu juu ya kazi yao.

Kazi yenyewe ilikuwa na mema yake, na watu wa milima hii walishiriki kuifanya. Lakini chini yake palikuwa na wazo kwamba Mwafrika, hata akiwa na mvi, ni mtoto mbele ya picha: kwamba picha zipite polepole, hadithi iwe nyepesi, hila za kamera zipunguzwe, na filamu za Marekani zisimfikie zikamharibu. Katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, wakaguzi waligawa filamu katika zile zilizofaa Waafrika na zile zisizowafaa, na mzee aliyejenga nyumba, akaoza mabinti na kuamua kesi za kijiji, alizuiwa mlangoni asione kitu alichoruhusiwa kuona kijana wa Kizungu. Umri wake ulisomwa katika ngozi yake.

Yeyote anayetaka kuweka mpaka juu ya macho ya mtu mwingine aikumbuke Vugiri kwanza. Kosa la wakati ule halikuwa kwamba watu walijali madhara ya picha, maana picha zina madhara. Kosa lilikuwa kukata shauri juu ya akili ya mtazamaji kabla ya kumwuliza alichokiona. Anayetoa hukumu kwa rangi na anayetoa hukumu kwa tarakimu tupu hawafanani katika ubaya, lakini wanafanana katika uvivu: wote wawili hawamtazami usoni mtu wanayemhukumu.

Sasa na iulizwe filamu ya kutisha humfanya nini mtoto. Mtaalamu wa Marekani Joanne Cantor, wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, aliyechunguza hofu za watoto kwa miaka mingi, alionyesha kwamba watoto wadogo huogopa zaidi umbo: uso uliogeuka, meno, sauti, mtu anayebadilika kuwa kitu kingine. Mtoto anapokua, umbo hupungua nguvu, na linaloongezeka ni hofu ya yale yanayoweza kutokea. Mtoto wa miaka mitano hukimbia sura ya jitu, na mtoto wa miaka kumi na mmoja hulala macho wazi akiwaza kama jambo lile linaweza kufika kwao. Maarifa hayaondoi hofu; huihamisha kutoka machoni kwenda katika fikira.

Hapo ndipo tofauti ya mahali inapoingia. Linaloweza kutokea katika fikira za mtoto wa Bungu si lile linaloweza kutokea katika fikira za mtoto wa Chicago. Dracula ana ngome yake huko Transylvania, na Usambara haina ngome ya namna hiyo wala haina mtu wa kumshuku kuwa yeye. Mtoto atashtuka, atajifunika shuka, na baada ya siku mbili atakuwa amemrudisha Dracula kwao. Lakini filamu inayomwonyesha bibi kizee anayeishi peke yake pembeni mwa kijiji, macho yake mekundu, mlango wake umefungwa, na usiku anawatumikisha watu waliofanywa misukule, hiyo haina kwao pengine pa kurudi. Kwao ni hapa. Mtoto akitoka nje asubuhi atamwona bibi wa namna hiyo akienda kuteka maji.

Basi filamu za kutisha si kitu kimoja, na daraja moja haliwezi kuzitosha. Wazazi wengi huona filamu ya nyumbani ni salama kuliko ya ugenini, kwa kuwa lugha inaeleweka na nguo ni za heshima. Kwa shauri la hofu mambo ni kinyume. Iliyo karibu ndiyo yenye makali, kwa sababu inatoa jina la mtu wa mtaani kwa kitu ambacho mtoto alikiogopa bila jina.

Watengenezaji wa Tanzania hawatukanwi kwa maneno haya. Mussa Banzi alipoongoza Nsyuka mwanzoni mwa miaka ya 2000, na baadaye Shumileta, hadithi ya jini wa kike, alithibitisha kwamba hofu ya Kiswahili inaweza kusimama juu ya miguu yake bila kuazima ngome za Ulaya. Hiyo ni kazi ya sanaa, na sanaa ina haki ya kutisha. Lakini chombo chenye makali husifiwa na mtu mzima na huwekwa mbali na kitanda cha mtoto, na kusifu hakupingani na kuweka mbali.

Makali hayo si ya kudhania. Mwaka 1995 visiwa vya Pemba na Unguja vilitetemeshwa na habari za Popobawa. Watu wazima walilala nje kwa makundi, wakikesha na moto. Katika fadhaa hiyo mtu mgonjwa wa akili, aliyetoka bara kutafuta matibabu, aliuawa na umati uliomdhania kuwa ndiye. Hapakuwa na filamu iliyowachochea. Filamu ya Popobawa ilitengenezwa miaka mingi baadaye. Katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza wanawake wazee wameuawa kwa muda mrefu kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, nayo yalikuwa mekundu kwa moshi wa jiko walilopikia wajukuu wao. Huko nako filamu haikuanzisha. Hofu ya kumtafuta mtu ni ya kale kuliko kamera. Filamu inachofanya ni kumpa mtoto neno zito kuliko yote katika baraza la watu: "Nimeona."

Mwenye kudhani kwamba haya ni ya Afrika peke yake asome habari za Glasgow. Mnamo Septemba 1954 mamia ya watoto wa mtaa wa Gorbals, wengine wadogo wasiofika umri wa shule, walivamia makaburi jioni wakiwa na fimbo na visu, wakimsaka mnyonya damu mwenye meno ya chuma ambaye, kwa uvumi wao, alikuwa amewala wavulana wawili. Hakuna mvulana aliyepotea. Polisi alishindwa kuwatawanya. Jioni zilizofuata walirudi. Watu wazima nao wakatafuta mkosaji, wakamwona katika magazeti ya picha za kutisha yaliyotoka Marekani, na mwaka 1955 Bunge la Uingereza likatunga sheria ya kuyazuia. Waliochunguza baadaye hawakumpata katika magazeti hayo mnyonya damu wa meno ya chuma. Mnyama mwenye meno ya chuma yumo katika Biblia, kitabu cha Danieli, na kiumbe wa meno ya chuma yumo katika shairi ambalo watoto wa Scotland walisomeshwa shuleni.

Kisa hicho kina mafunzo mawili, na la pili ndilo linalosahauliwa. La kwanza ni kwamba mtoto mwenye hofu humtafuta mwenye kuibeba. La pili ni kwamba mtu mzima mwenye hofu juu ya mtoto hufanya vile vile. Watoto wa Gorbals walikwenda makaburini na fimbo. Wazee wao walikwenda Bungeni na mswada. Anayepiga kelele leo kwamba filamu ndizo zinazoharibu watoto wote ajichunguze kama hajashika fimbo.

Hapa ndipo kipimo kinapopatikana. Mtoto ametimiza umri wa filamu ya kutisha siku anapoweza kuogopa bila kumtafuta mtu wa kumlaumu. Kabla ya siku hiyo ni mdogo, hata akiwa na ndevu. Baada yake ni mkubwa kwa jambo hilo, hata kama jalada linamkataza. Kulia si dalili ya udogo. Mtu aliyekomaa hulia. Kutolia si dalili ya ukubwa. Wengi katika umati wa mwaka 1995 hawakulia.

Watu wa Usambara hawahitaji kufundishwa thamani ya kipimo hiki, maana ufalme wao ulizaliwa na kosa la waliokikosa. Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, katika Habari za Wakilindi, ameandika jinsi Mbegha alivyozaliwa katika nchi ya Ngulu na kuota kwanza meno ya juu. Mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego, naye alidhaniwa kuwaletea vifo ndugu zake. Jamaa zake walipokufa, vifo viliwekwa juu ya kichwa chake, akanyimwa urithi, akaondoka na mbwa wake wa kuwinda. Alipita Kilindi na msiba ukamfuata huko pia, kisha akapanda milima ya Usambara, akawagawia watu nyama, akaua simba, akatawazwa Vuga. Waliomfukuza hawakuwa wakatili kuliko watu wengine. Walikuwa na hofu, na hofu yao ilitaka uso. Ngulu ikapoteza mtu ambaye Usambara ilimfanya mfalme. Ni vigego wangapi wasio na mbwa wala mkuki wa kuwavusha, nao hawakufika Vuga yoyote?

Kwa kipimo hiki hoja tatu zinazosikika kila siku zinaweza kujibiwa.

Hoja ya kwanza husema kwamba hadithi za zamani zilitisha kuliko filamu, na waliozisikia walikua salama. Ni kweli kwamba mazimwi walimeza vijiji vizima. Lakini hadithi ilikuwa na msimulizi, na msimulizi alikuwa na macho. Bibi alimwona mjukuu akitetemeka, akafupisha koo la zimwi, akaongeza wimbo, akaita wasikilizaji waitikie. Alijua nani kafiwa wiki ile. Zimwi lake halikuwa na nyumba ya jirani. Kioo cha simu hakimwoni anayekitazama. Wakati wa kanda za video palikuwa na kivuli cha msimulizi huyo: wafasiri kama Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, walisema Kiswahili juu ya filamu za kigeni, wakatania na kueleza, hata mtazamaji akakumbuka kwamba kuna mtu kati yake na picha. Simu imemwondoa hata huyo. Tena hadithi za zamani zisipambwe kupita kiasi. Mzazi aliyemwambia mtoto kwamba mumiani atamnyonya damu akitoka usiku hakumlea. Alimnyamazisha, na mtoto alipokua akawashuku wageni.

Hoja ya pili husema, "Mwache, atazoea." Kweli atazoea. Lakini anazoea kitu gani? Mtoto wa kibandani anayechekwa kwa kufumba macho hazoei kuogopa. Anazoea kuficha hofu. Hofu iliyofichwa haifi. Hungoja siku ambapo watu wengi wenye hofu zilizofichwa watakusanyika mbele ya mlango mmoja, na hapo mtoto wa jana aliyejifunza kutofumba macho atakuwa mstari wa mbele. Ushujaa ambao watoto wanafundishwa kibandani ni ushujaa wa umati.

Hoja ya tatu husema watoto wasione kabisa mpaka miaka 18. Mwenye hoja hii ana nia njema na hesabu mbaya. Anadhani kwamba usiku wa kuamkia siku ya kuzaliwa kijana atapewa akili ambayo hakufundishwa. Wazee wa makabila mengi hawakudhani hivyo. Miongoni mwa Wamakonde, ambao wengi wao walifika mpaka mashamba ya mkonge ya Tanga, ngoma ya mapiko ilichezwa na mtu aliyevaa kinyago, na watoto waliambiwa kwamba yule si mtu. Walikimbia, nao walitakiwa kukimbia. Kisha mvulana alipoingia jandoni alikabiliana na kinyago, akaonyeshwa kwamba ndani yake yumo mwanadamu. Umri wa kutishwa na umri wa kujua ulikuwa na daraja katikati, na wazee walisimama juu ya daraja hilo. Ule ulikuwa mpango wa wanaume na ulikuwa na siri zake, wala si lazima urudishwe. Lakini ndani yake mna jambo ambalo bodi zote za filamu hazina: mtu anayemfunulia mtoto kinyago.

Kufunua kinyago cha filamu ni kazi nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Mtu mzima aitazame filamu kabla ya mtoto, au pamoja naye, mchana. Ikiisha, amwambie mtoto aisimulie. Asiyeweza kusimulia alichokiona bado kimemshika. Akiweza, aulizwe alitishwa na nini: giza, ngoma, ukimya kabla ya ngoma, mlango uliofunguka polepole? Mtoto anayejua kwamba aliogopa ngoma kabla hajaona kitu ameanza kuushika mkono wa mchezaji aliye ndani ya kinyago. Kisha aulizwe swali kubwa: yule aliyeshtakiwa katika filamu, kama hakutenda, angejiteteaje? Anayejibu, "Angeuawa tu, kwa kuwa ni mchawi," apewe muda, na filamu za namna hiyo zingoje, awe na miaka minane au kumi na minane. Anayejibu, "Angehitaji mtu wa kumsikiliza," aendelee. Na mwisho ajulishwe kwamba kusema "zimeni" si aibu. Mtoto anayeweza kuondoka benchini mbele ya wenzake wakubwa amepata ushujaa ambao umati haumpi mtu.

Kwa kipimo hiki ngazi nayo inapangika. Majitu ya mbali yatangulie, majini yafuate, na filamu inayomtuhumu jirani iwe ya mwisho. Mpango huu hauhitaji wakaguzi wengi wala bodi mpya. Unahitaji mtu mmoja katika kila nyumba ambaye hakuchoka kuuliza.

Lakini nyumba peke yake isibebeshwe mzigo wote, maana mzazi wa Bungu aliyetoka shambani jioni ana haki ya kuchoka. Shule ina nafasi. Somo la Kiswahili lina fasihi simulizi, na wanafunzi hutakiwa kutambua wahusika, fanani na hadhira. Kwa nini filamu waliyoitazama usiku isiwekwe mezani asubuhi ikapasuliwa kwa visu hivyo hivyo? Mwanafunzi anayeweza kueleza kwa nini mtunzi wa filamu alimchagua bibi kizee awe mchawi, wala hakumchagua mwenye duka tajiri, amejua jambo juu ya filamu, juu ya jamii yake, na juu ya bibi yake.

Na wanazuoni je? Hao ndio wenye lawama iliyo nzito, kwa kuwa ndio waliopewa muda wa kufikiri. Wanabishana juu ya mizani ya utenzi, wanapima vina vya marehemu, wanaandika tasnifu juu ya zimwi la ngano lililokufa katika vitabu. Na zimwi lililo hai, linalozungumza Kiswahili kila usiku katika simu ya mtoto wa mlimani, wanaliita upuuzi usiostahili kalamu. Wakaguzi hukata, wafanyabiashara huuza, wahubiri hulaani, na wale ambao kazi yao ni kufasiri hadithi wamekaa kimya. Kisha akiuawa kizee mahali fulani wanaandika makala juu ya ujinga wa wananchi. Ujinga huo una walimu wake, na mwalimu anayekaa kimya ni mmojawapo.

Tarakimu na zibaki juu ya majalada. Zinamkumbusha mzazi kwamba lipo jambo la kutazama. Lakini mzazi, mwalimu na mwanachuoni wasijifiche nyuma yake. Kila mtoto anayelala leo milimani akiwa na picha ya mchawi chini ya kope zake ataamka kesho na kukutana na jirani. Miaka yake haitamwambia amsalimie au amwokotee jiwe. Hilo atakuwa ameambiwa na mtu, au hatakuwa ameambiwa na yeyote.